Balozi wa Papa hatoi visa, wala siyo bosi wa askofu wako

Wapendwa waamini, barua zimezidi. Watu wanaandika Ubalozi wa Vatican pale Dar es Salaam, huyu anaomba visa ya kwenda kuhiji Roma, yule ada ya mtoto, mwingine anataka paroko wake ahamishwe kabla ya Pasaka, halafu nakala wanatuletea sisi wa ofisi ya kansela jimboni. Tunajua mnaandika kwa nia njema, ila tuelewane.

La visa tulimalize. Vatican haina visa yake, unapitia Italia, kwa hiyo unaomba ya Schengen (visa moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya) ubalozi wa Italia, basi.

Kazi ya Balozi ndani ya Kanisa iko kwenye kanuni ya 364 ya Sheria za Kanisa za 1983: kuimarisha umoja wa majimbo na Papa, kupeleka Roma taarifa za hali ya Kanisa, na kuwashauri maaskofu bila kugusa mamlaka yao halali. Hapo kwenye mamlaka pasome tena tafadhali, maana kila siku tunaulizwa "si Balozi amwamrishe tu askofu?" Hapana.

Kwa serikali anakiwakilisha Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa ya kuongoza Kanisa, na Mkataba wa Vienna wa 1961 unamweka daraja moja na mabalozi wengine. Tanzania uhusiano huo upo tangu 1968. Ila tofauti nao, hana bidhaa za kutafutia soko, anaongea amani, wakimbizi, shule, hospitali. Na wanaosema ni cheo cha sherehe wanatuumiza, hapo Burundi tu Askofu Mkuu Michael Courtney, Balozi wa Papa aliyekuwa anahangaikia amani, aliuawa kwa risasi tarehe 29 Desemba 2003.

Halafu kuna uteuzi wa maaskofu. Balozi anauliza watu mmoja mmoja kwa siri, anapeleka Roma majina matatu pamoja na maoni yake, Papa ndiye anateua. Jimbo likibaki wazi tu, bila askofu, WhatsApp inajaa "majina yamevuja", jamani acheni kusambaza. Hii ni siri ya kipapa, yaani siri inayolindwa kwa sheria ya Kanisa, na kanuni ya 1371 kama ilivyorekebishwa 2021 inataka anayeivunja aadhibiwe, inaweza kuwa faini, kuzuiwa kutoa huduma fulani, hata kuvuliwa ofisi.

Sasa kama hati ya askofu, yaani uamuzi wake rasmi wa maandishi, imekuumiza, njia ipo. Mwandikie askofu mwenyewe ndani ya siku 10 tangu ulipojulishwa rasmi, umwombe aifute au airekebishe. Yeye ana siku 30. Akikataa, au zikiisha yuko kimya, una siku 15 za kukata rufaa Roma, na unaweza kuipitishia kwa askofu huyohuyo, sheria inamlazimisha aipeleke mara moja. Barua kwa Balozi haichukui nafasi ya ile ya siku 10, na wengi haki yao inapotelea hapo wakisubiri majibu ya Ubalozi.

Unyanyasaji wa watoto uko tofauti kabisa. Kwa sheria ya Papa Fransisko ya 2019, iliyopitiwa upya 2023, taarifa unaweza kupeleka Roma moja kwa moja au kupitia kwa Balozi, hata anayetuhumiwa akiwa askofu, na hakuna anayeruhusiwa kukuambia unyamaze.