Kunukuliwa sana si sawa na ubora
Wengi huamini kwamba mtafiti wa seli za neva anayenukuliwa zaidi ndiye bora. Sivyo. Chukua fahirisi ya h, kipimo alichobuni Jorge Hirsch mwaka 2005: mtafiti ana h ya 4 ikiwa makala zake 4 zimenukuliwa angalau mara 4 kila moja, lakini hana 5 zilizofikisha mara 5. Panga makala za mtafiti kwa idadi ya mara zilizonukuliwa: 50, 20, 9, 4, 1. Ya nne imefikisha 4, ya tano haikufikisha 5. Basi h ni 4. Ile ya kwanza hata ipande hadi 5,000, h haibanduki hapo.

Tena makala zinazoeleza mbinu ya utafiti hunukuliwa na kila anayeitumia mbinu hiyo: ile ya 1981 kuhusu kupima mkondo wa umeme kwenye utando wa seli kwa pipeti ya kioo imenukuliwa mara maelfu. Na Google Scholar, huduma ya kutafuta maandishi ya kitaaluma inayohesabu hata tasnifu, kwa kawaida huonyesha h kubwa kuliko Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma.