Teruwa si ladha ya mawe

Kila panapozungumzwa mvinyo, sentensi hii haikosi: "Onja vizuri utasikia chokaa, maana mizabibu yake imeota juu ya mwamba wa chokaa." Iko nyuma ya chupa, iko kwenye video za waonjaji, iko midomoni mwa wauzaji. Msikilizaji anaonja, anatikisa kichwa, na kweli anaisikia hiyo chokaa. Kisha anaambiwa kwamba alichosikia ndicho kinachoitwa teruwa. Sicho. Kosa hili limerudiwa mno, na linaficha jambo lililo zuri kuliko lenyewe.

Teruwa, ambayo Wafaransa huiandika terroir, ni jumla ya mambo ya mahali yanayoupa mvinyo wa pale tabia yake: hali ya hewa, umbo la ardhi, udongo na mwamba ulio chini yake, maji, viumbe vinavyoishi pale, na ujuzi wa watu wanaolima pale. Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo, OIV, lilipitisha maana rasmi mwaka 2010, na maana hiyo inaanza na eneo pamoja na ujuzi wa pamoja wa watu wake kabla ya kufika kwenye udongo. Maana ni hiyo tu. Shida ni kwamba watu wameshika udongo, wakaacha mengine yote, halafu hata huo udongo wakausingizia kazi usiyoifanya.

Mzizi hauli jiwe. Unanyonya maji yenye chumvichumvi zilizoyeyuka, kama potasiamu, kalisi na magnesiamu, na mmea wowote ule unazihitaji hizo hizo. Sukari ya zabibu, uchachu wake, rangi na harufu zake vinatengenezwa na mmea wenyewe kwa mwanga wa jua, hewa na maji. Baadaye hamira inavigeuza tena wakati wa kuchachuka. Chumvi zinazobaki kwenye mvinyo ni kidogo sana, chini ya kiwango ambacho ulimi unaweza kukitambua. Tena jiwe lenyewe halina harufu. Kile tunachokisikia kwenye mawe yaliyolowa mvua kinatokana na mabaki ya mimea na vijidudu vilivyoganda juu yake. Mwanajiolojia Alex Maltman wa Wales ameeleza haya kwa miaka mingi, bila kuuchukia mvinyo hata kidogo. Ni mtu anayelima mizabibu yake mwenyewe. Ile harufu ya gumegume, jiwe la kuwashia moto, lililogongwa, ambayo wapenzi wa mvinyo mweupe huisifu sana, inahusishwa na michanganyiko ya salfa inayojitokeza mvinyo unapotengenezwa na kutunzwa. Haikuchimbwa shambani.

Mfano unaosumbua kuliko yote ni Chablis, kaskazini ya mkoa wa Burgundy, Ufaransa. Ardhi ya pale imejaa visukuku vya chaza wadogo walioishi baharini miaka milioni 150 hivi iliyopita. Ukilivunja bonge la udongo mkononi utawaona, maganda madogo yaliyopinda kama alama ya mkato. Basi watu wakaona ganda la chaza, wakaonja mvinyo wenye uchachu mkali unaofaa kunywewa na chaza, wakaunganisha. Lakini ganda lile ni chokaa tupu, na nyama yake ilioza kabla ya kuwepo binadamu wa kuionja. Ukali wa Chablis una sababu iliyo wazi: kule ni baridi. Zabibu zikiivia kwenye baridi, asidi yake haipungui haraka kama inavyopungua kwenye joto. Wakulima wa Chablis wanaijua baridi hiyo vizuri sana, kwani kuna usiku wa majira ya machipuko wanaokesha shambani wakiwasha mamia ya vyungu vya nta kati ya mistari ya mizabibu ili machipukizi yasiuawe na jalidi. Hiyo ni teruwa ya Chablis kwa kiasi kikubwa kuliko chaza wote walio chini ya ardhi.

Je, udongo haufanyi kitu? Unafanya, tena kitu kikubwa. Unagawa maji. Gérard Seguin, mtafiti wa Bordeaux, mkoa mwingine wa mvinyo Ufaransa, alitumia miaka mingi akichunguza mashamba mashuhuri ya mkoa ule, na hakupata madini maalumu yanayoeleza ubora wake. Alichokipata ni namna maji yanavyoufikia mzizi. Huko Médoc mizabibu inakaa juu ya changarawe nene inayopitisha maji upesi. Ng'ambo ya mito, huko Pomerol, shamba la Pétrus liko juu ya mfinyanzi mzito unaovimba ukilowa na kuyaachia maji kidogo kidogo. Udongo huu na ule havifanani kwa lolote, lakini vinafikia jambo moja: mzabibu hauzami majini, na zabibu zinapoanza kuiva unapata kiu ya kiasi. Ukiwa na kiu hiyo unaacha kurefusha matawi na kuelekeza nguvu kwenye tunda. Punje zinabaki ndogo, na ganda, ambalo ndilo lenye rangi na tanini, ile inayokausha ulimi, linakuwa na sehemu kubwa zaidi ndani ya mvinyo.

Udongo pia unashika joto. Kwenye bonde la Mosel, Ujerumani, mizabibu ya Riesling, aina ya zabibu nyeupe, imepandwa kwenye miteremko mikali sana yenye vipande vya sleti nyeusi, jiwe linalopasuka kama vigae. Sleti hiyo inakunywa jua mchana na kulirudisha usiku, na mteremko wenyewe unalipokea jua ambalo tambarare isingelipata. Huo ndio mchango wa jiwe.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaonyesha mahali pakiingia ndani ya glasi kwa njia inayopimika. Mvinyo wa Syrah, aina ya zabibu nyekundu, hasa wa sehemu zenye ubaridi, mara nyingine hunukia pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kilichokuwa kinaleta harufu hiyo: mchanganyiko uitwao rotundoni, ambao ndio huo huo ulio ndani ya pilipili manga yenyewe. Uko kwenye ganda la zabibu. Walipopima ndani ya shamba moja huko jimbo la Victoria, walikuta kiasi chake kinatofautiana sana kati ya sehemu na sehemu, na penye ubaridi zaidi ndipo penye kingi. Mzabibu wa aina ile ile, mkulima yule yule, mwaka ule ule. Kilichobadilika ni jinsi ardhi ilivyolala na jua lilivyoifikia.

Na kama mtu anasisitiza kwamba lazima mandhari yaingie kwenye mvinyo kimwili, basi ajue yanaingia kwa njia ya hewa. Mizabibu iliyo karibu na mikaratusi hutoa mvinyo mwekundu wenye harufu ya mkaratusi, kwa sababu mafuta ya majani yake hupeperuka na kutua kwenye ganda la zabibu, na mara nyingine majani yenyewe huchumwa pamoja na mashada. Moshi wa moto wa misitu nao ni hivyo hivyo, ila huu ni balaa: unapenya kwenye punje, unajifunga na sukari, kisha unajitokeza wakati wa kuchachuka na hata mdomoni mwa mnywaji.

Kuhusu watu nitasema machache, ingawa wanastahili zaidi. Médoc ilikuwa na mabwawa mengi hadi wahandisi wa Kiholanzi walipoyakausha karne ya 17. Kisiwani Santorini, Ugiriki, wakulima husuka matawi ya mzabibu chini kama kikapu ili zabibu zikae ndani, upepo usizipige. Burgundy ina vishamba 1,247 vyenye majina na mipaka yake, vilivyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015, na mipaka hiyo ni matokeo ya karne nyingi za kulima, kuonja na kulinganisha, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na watawa. Asili peke yake isingetoa kimojawapo. Hata sifa ya neno lenyewe imetengenezwa na watu: zamani Mfaransa aliyesema mvinyo una ladha ya teruwa alikuwa analalamika kwamba ni wa kishamba na unanuka udongo. Heshima ya leo ilikua hasa katika karne ya 20, sheria za kulinda majina ya maeneo zilipoimarishwa mwaka 1935.

Kwa hiyo anayesikia gumegume kwenye mvinyo aseme, ni maelezo mazuri, kama anavyosema mwingine kwamba mvinyo wake unanukia waridi bila kudhani kuna waridi ndani. Na anayetaka kusema shamba hilo lina sleti au chokaa, naye aseme, huenda ni kweli. Ombi langu ni dogo: ile "maana" ya kutaja sababu inayowekwa katikati ya sentensi hizo mbili iondolewe, na badala yake muuzaji aulizwe mteremko unatazama upande gani, maji yanakwenda wapi mvua ikinyesha, na usiku kuna baridi kiasi gani wakati zabibu zinapoiva.