Rangi ya mji wa Moshi kwenye ramani ya dunia imetoka wapi?

Mkulima wa Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, akifungua kwenye simu ramani ya dunia ya kanda za hali ya hewa, mara nyingi hukuta kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na tambarare ya Bomang'ombe iliyo chini vimepakwa rangi moja. Anayejua mvua za sehemu hizo mbili lazima ashangae. Rangi hiyo ni zao la hesabu, na ni vizuri kila anayeitumia ajue hesabu hiyo imefanywaje.

Mfumo unaotumika zaidi uliasisiwa na mtaalamu wa hali ya hewa, Wladimir Köppen, mwishoni mwa karne ya 19, kisha ukaboreshwa na Rudolf Geiger. Unatazama wastani wa joto na mvua wa kila mwezi, basi. Mahali penye mvua ya kutosha, ambapo hata mwezi wenye baridi kuliko yote una wastani wa nyuzi 18 au zaidi, huhesabiwa kuwa tropiki. Pakishuka chini ya hapo, hubadilishiwa kundi. Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, iko jirani na mpaka huo. Tofauti ndogo tu katika takwimu za Julai inatosha kuibadilishia rangi.

Ramani moja inayotumiwa sana, ya mwaka 2006, ilitokana na takwimu za 1951 hadi 2000 zilizogawanywa katika miraba ya nusu digrii, yaani kama kilometa 55 kila upande kwa huku kwetu. Mraba mmoja tu umebeba Bomang'ombe, Moshi mjini, Kibosho na kilele cha Kibo chenye mita 5,895. Wastani wa mahali pa namna hiyo haumwambii mkulima yeyote habari za shamba lake.

Mwaka 2018 ilitoka ramani yenye miraba ya kilometa moja, na kwa kweli ni hatua kubwa. Lakini vituo vya kupimia havikuongezeka mlimani kwa sababu picha imekuwa safi. Penye pengo kati ya kituo na kituo, kompyuta hukadiria kwa kufuata mwinuko wa ardhi. Vituo vyenyewe vingi viko wanakoishi watu. Juu msituni ni vichache mno.

Hata kipimamvua kina mipaka yake. Upepo hupeperusha matone pembeni ya mdomo wake, na ukungu unaonaswa na matawi na majani ya msitu wa Kilimanjaro, kisha ukadondoka ardhini, hauingii kwenye chupa.

Kwa hiyo tumieni ramani hizi kulinganisha nchi na nchi, au ukanda na ukanda. Kwa tarehe ya kupanda mahindi, ulizeni takwimu za kituo kilicho karibu na chenye mwinuko unaofanana na wenu. Shule na vyama vya ushirika vyenye kipimamvua, tafadhali someni kila siku saa tatu asubuhi, na siku isiyo na mvua mwandike sifuri. Nafasi iliyoachwa wazi hatuwezi kuihesabu kama siku kavu.