Trei za mayai ukutani hazimzuilii jirani kelele

Ukiingia bedsita (nyumba ya chumba kimoja) ya mtayarishaji muziki chipukizi huku Nairobi, mitaa kama Roysambu au Umoja, si ajabu kukuta trei za mayai zimebandikwa ukutani. Wengi huamini zinazuia sauti ya sinthesaiza (ala ya kielektroniki) na mashine ya ngoma isimfikie jirani. Imani hii ni ya miaka mingi na asili yake inaeleweka: vile vikombe vinafanana na sponji za studio. Lakini hata sponji zenyewe kazi yake ni kutuliza mwangwi ndani ya chumba, si kuzuia sauti kutoka.

Kinachozuia sauti kupenya ni ukuta mzito usio na nyufa. Trei ni karatasi nyepesi. Hupunguza kidogo mwangwi wa sauti kali za juu, basi. Besi, yaani sauti nzito za chini, haiguswi. Mdundo wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, una wimbi la urefu wa karibu mita 7, refu kuliko bedsita nyingi, ilhali kikombe cha yai kina sentimita chache tu.

Jaribu mwenyewe. Washa simu icheze wimbo, ifunike kwa trei mbili, usikilize: muziki unatoka vizuri tu. Kisha piga kiki (mdundo wa ngoma kubwa) pekee kwenye monita, yaani spika za studio, funga mlango, usimame kwenye korido: mdundo bado utausikia.

Mimi ningezibandua leo hii, maana karatasi kavu hushika moto upesi na nyaya zako ziko hapo hapo. Ziba upenyo chini ya mlango kwa raba, sogeza monita mbali na ukuta wa jirani, na usiku besi isikilize kwa hedifoni.