Enjini ikishafunguliwa haidumu? Hebu tuelewane

Jamani nimechoka. Kila mwenye foo-wili ya zamani anayeniletea enjini mgonjwa anakuja na sentensi ileile mdomoni: "Fundi, enjini ikishafunguliwa haidumu, we nitafutie nyingine tu tutie." Ukimuuliza inaumwa nini, anasema imechoka. Imechoka wapi? Imechoka tu. Huyo hajapima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda, hajafungua hata mfuniko wa oili aone inapumua vipi, lakini ameshaamua kununua enjini nyingine, ambayo nayo ilitolewa kwenye gari la mtu kwa sababu ambayo hakuna anayeijua.

Enjini haiharibiki kwa kufunguliwa, inaharibika kwa kufunguliwa nusunusu. Dizeli kubwa za malori nyingi zimeundwa kabisa zije zifunguliwe, slivu, yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, zinachomolewa, zinaingia mpya, gari linarudi kazini. Ovaholi, yaani kufungua enjini yote na kuitengeneza upya, zinazokufa mapema zinakufa kwa mambo ambayo fundi aliona ni madogo. Beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu inayozunguka chini), zimesagika, krenki ikachongwa vizuri, beringi mpya zikawekwa za saizi yake, halafu kipozeo cha oili cha zamani kikarudishwa vilevile na unga wote wa chuma uliojificha ndani yake. Oili ikishapata moto ule unga unaanza kurudi kwenye mzunguko na beringi mpya zinaanza kuliwa. Au silinda zimepigwa jiwe, yaani zimekwaruzwa kwa jiwe la kunolea ili ringi zikae, vizuri halafu zikafutwa na petroli. Petroli haiondoi unga wa jiwe, inausambaza tu na kuushindilia kwenye ile mikwaruzo. Unaotoka ni kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kisha unapaka oili unafuta na kitambaa cheupe, kikitoka na kijivu unarudia kuosha, na utarudia tena mpaka kitoke cheupe. Ringi za pistoni zikianza kazi juu ya ule unga zinajisaga zenyewe na kusaga silinda, halafu lawama inaenda kwenye "kufunguliwa".

Na lile la kuliacha gari linaunguruma limesimama saa nzima ati ringi zikae! Ringi zinabanwa kwenye ukuta wa silinda na presha ya moto inayoingia nyuma yake, na presha hiyo haipatikani gari likiwa limesimama bila mzigo. Matokeo yake ukuta unapata utando wa oili iliyoungua, unateleza, ringi hazikai, na hiyo enjini itakula oili mpaka ifunguliwe tena. Ikishapata joto lake na umeridhika hakuna kinachovuja, ingia barabarani, ipe mzigo wa wastani, ipandishe mlima, iachie, ipandishe tena, usiikabe muda mrefu kwenye mzunguko mmoja.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi kuliko vyote. Watu wanabishana ovaholi au enjini nyingine kabla ya kujua kilichoiua ya kwanza, na magari haya ya porini yanauawa na vumbi kuliko umri. Fungua mpira wa hewa ule unaotoka kwenye eya klina kwenda kwenye enjini, upande ambao hewa imeshapita chujio, ingiza kidole ufute ukuta wa ndani. Kidole kikitoka na vumbi, basi umeshampata muuaji: mpira una ufa chini kwenye mikunjo ambako huuoni, au klipu imelegea, au chujio halikai sawa kwenye sahani yake, au bomba la kuvutia hewa juu lililofungwa kwa mbwembwe limeunganishwa bila kuzibwa vizuri. Kwenye enjini yenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani kwa nguvu ya moshi) utaona na visu vya tabo vimelika kingo. Vumbi hilo linasaga silinda zaidi sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na ndo maana ukipima silinda pima juu, katikati na chini, na upime mielekeo miwili, usipime sehemu moja ukasema iko sawa. Ukitia enjini nyingine nzuri kabisa na mpira ukabaki ule wenye ufa, hiyo nayo inaenda kulekule, na safari hii utasema enjini za mtumba ni mbovu.

Hivyohivyo na joto. Redieta imejaa matope kwenye mapezi, enjini ikachemka, hedi, ile sehemu ya juu yenye valvu, ikapinda, mtu anatia enjini nyingine nyuma ya redieta ileile.

Moshi nao watu wanausoma vibaya. Mweusi mara nyingi ni hewa kidogo au dizeli nyingi, nenda kwenye eya klina, nozeli, pampu. Wa bluu asubuhi unapowasha halafu unaisha, anza na sili za valvu. Wa bluu unaoendelea ukiwa kwenye mzigo, hapo ringi zinahusika, ila kagua tabo kwanza kwa sababu sili za tabo zikifa zinapitisha oili na moshi ni huohuo. Nimeona enjini nzima zinaondolewa kwa sababu ya tabo mbovu, na inauma.

Kompresheni pima enjini ikiwa na joto, betri ikiwa na nguvu. Kwa dizeli kinachonipa habari ni tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe, vitabu vingi vinaweka kikomo cha tofauti kwenye kama psi 70 hivi. Na ule ujanja wa kumimina oili kwenye silinda uone kama kompresheni inapanda, uache kwenye petroli. Chumba cha dizeli ni kidogo mno, oili yenyewe inajaza nafasi, namba inapanda hata kama ringi hazina tatizo, ukizidisha unaweza hata kupinda konrodi. Bora uingize upepo wa kompresa kwenye silinda moja, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, usikilize unatokea wapi. Ukitokea kwenye mfuniko wa oili ni ringi, kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea, kwenye mpira wa hewa ni valvu ya kuingizia, redieta ikitoa mapovu ni gasketi au hedi imepasuka. Ni kazi ya muda mfupi, na mara nyingi inaonyesha kwamba chini kote ni salama na ugonjwa uko kwenye hedi peke yake. Hapo hakuna cha ovaholi wala enjini nyingine, ni hedi.

Kama gari liliwahi kunywa maji mtoni, ongeza kipimo kimoja ambacho wengi wanakiruka. Hedi ikitoka, pima kila pistoni inapanda juu ya bloku kiasi gani. Ile iliyo chini kuliko wenzake konrodi yake imepinda, hata kama kwa macho imenyooka. Na kipimo hichohicho ndo kinachochagua gasketi ya hedi kwenye dizeli nyingi, zinakuja kwa unene tofauti, zina vikato pembeni vya kuzitambulisha. Usichukue tu iliyopo dukani.

Kutia enjini nyingine nako siko kinyume nako. Bloku imetobolewa na konrodi, krenki imepasuka au imeshachongwa mpaka saizi ya mwisho, spea hazipatikani tena, sawa, badilisha. Ikiwa ya familia moja ndo raha. Enjini za dizeli za Toyota, 1HZ na 1HD-T, ni ndugu, zote silinda sita, lita 4.2, kwa hiyo kufunga ni afadhali sana kuliko kuleta kitu kigeni. Lakini 1HD-T inajulikana kwa kula beringi za konrodi, kwa hiyo kabla haijaingia garini fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya enjini, toa kofia moja ya konrodi uangalie beringi kwa macho yako. Enjini yoyote ya mtumba naifanyia hivyo, na kabla haijaingia naipa sili mpya, taimingi belti, pampu ya maji. Yaani na yenyewe imefunguliwa! Yule aliyekimbia kufungua yake amelipia kufungua ya mtu mwingine.

Ikiwa siyo ya familia, hesabu haiishii kwenye enjini. Mauntingi za kuchomelea, sampu inagonga difu ya mbele ekseli ikipanda, propela shafti ya kukatwa au kurefushwa, bomba la moshi, redieta kubwa zaidi. Kwenye Land Rover Series watu wengi wametia 200Tdi, dizeli yenye tabo ya lita 2.5, na gari linabadilika kweli, lakini gia boksi na shafti za nyuma hazikuundwa kwa nguvu ya tabo, na dereva mwenye mguu mzito anazivunja. Ukitia ya kisasa yenye kontrolboksi, yaani kompyuta ya kuendesha enjini, unaleta na wayaringi yake, pedali yake, na nozeli zinazofanya kazi kwa presha ya zaidi ya bar 1,000 ambazo hazivumilii maji wala uchafu kwenye dizeli. Enjini yenye pampu ya zamani ya kimakanika ikishawaka inahitaji waya mmoja tu wa solenoidi ya kuzimia. Gari la kwenda mbali na watu, fikiria hilo kwa makini. Namba ya enjini kwenye kadi ya gari nayo ishughulikie mapema.

Kuna mahali ambapo vipimo havinipi jibu na nakiri hivyo. Silinda imelika lakini haijafika kikomo, vitabu vingi vya enjini za zamani vinaweka kama milimita 0.2. Kitabu kinasema bado, unaweza kutia ringi mpya. Au uchonge uende saizi ya milimita 0.50 zaidi, lakini pistoni za hiyo saizi zinazopatikana ni za kiwanda usichokijua, ringi zake laini. Mimi hapo huwa naegemea kubaki na pistoni za awali na ringi nzuri, nikijua haitafika mbali kama iliyochongwa sawasawa kwa vifaa halisi, na mwenye gari namwambia hivyohivyo. Hedi nayo, unaweza kuipima kwa presha ikiwa baridi ikapita, kumbe ina ufa unaofunguka ikipata moto. Kama gari lilichemka sana na hedi ina mistari kati ya valvu, siiamini hata ikipita, na siwezi kukuonyesha namba ya kuthibitisha.

Ukishachagua njia yoyote, oili ya kwanza imwage mapema, kwenye kilomita 500 hadi 1,000, na ile filta usiitupe. Ikate kwa kikatio, siyo msumeno maana msumeno unaongeza chuma chake, kamua karatasi, itandaze juani. Vumbi la chuma kidogo la ringi zinazokaa ni kawaida. Ukiona vipande vinavyometa ambavyo sumaku haivivuti, hasa vya rangi ya shaba, usiwashe tena mpaka sampu ishushwe.