Mguu uliovimba si lazima uwe matende

Pwani yetu ya Tanga, tangu Pangani hadi Mkinga, imeishi na matende kwa vizazi. Ndiyo maana bibi wa Ngamiani akivimba miguu, jina la ugonjwa linakuwa limeshatoka midomoni mwa majirani kabla hajapimwa. Anafika wodini ameshafukizwa na kuchanjwa chale, kumbe muda wote huo moyo wake ndio ulioshindwa kusukuma damu sawasawa.

Matende huletwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu. Huharibu mirija ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu. Mara nyingi mguu mmoja humzidi mwenzake, na kadiri miaka inavyopita ngozi hukakamaa. Uvimbe wa moyo una tabia nyingine: huja miguu yote miwili, huzidi jioni, asubuhi hupungua kidogo. Muuguzi hukandamiza kidole gumba juu ya muundi kwa sekunde kadhaa, kisha huachia. Kikibaki kishimo, kuna maji. Anapanda nacho: kimeishia kifundoni au kimefika gotini? Aliyelala kitandani siku nyingi hukaguliwa mgongoni, juu ya makalio, kwa sababu maji huteremka. Kishimo peke yake hakitoshi kuulaumu moyo, maana figo na ini pia huvimbisha miguu. Kwa hiyo tunauliza swali lisilohusu mguu kabisa.

"Bibi, usiku unalalia mito mingapi?"

Wajukuu hutazamana. Swali hilo ni kipimo. Mtu akilala chali, maji yaliyokuwa miguuni hurudi kifuani na mapafu hulemewa. Aliyekuwa analalia mto mmoja akaja kuhitaji mitatu, au siku hizi analala ameketi kwenye kiti, ametueleza mengi. Tena wapo wanaoamka saa nane za usiku wakitafuta pumzi, wakaenda kukaa dirishani mpaka itulie. Nyumbani huambiwa ni jinamizi. Jinamizi humkuta mtu akiwa hawezi hata kujigeuza. Huyu ameinuka mwenyewe, anakohoa, na nafuu anaipata akiketi. Hapo aje hospitali, asisubiri usiku mwingine.

Kutokana na hilo, huruma yetu ya kumlaza mgonjwa anayetweta "apumzike" humzidishia taabu. Mketishe wima, miguu ining'inie chini, mlegezee nguo, na gari litafutwe.

Dhana ninayopambana nayo kuliko zote ni ya dawa ya mkojo, ile inayoyatoa maji mwilini kwa kukojoa. "Inakausha figo." "Nimeshapona, miguu imenywea." Miguu imenywea kwa sababu dawa inafanya kazi, ukiiacha, maji hurudi siku chache tu baadaye. Kweli, dawa hizi zinaweza kupoteza madini ya potasiamu, mtu akaumwa na misuli na kuishiwa nguvu, na ndiyo sababu damu hupimwa kliniki. Lakini nimejifunza kutomgombeza aliyeacha. Ukimuuliza kwa upole utasikia ukweli: alikuwa na safari ya basi kutoka Lushoto, akaogopa kuaibika njiani. Hofu hiyo ina haki yake. Tuambie tu, muda wa kumeza siku ya safari unaweza kupangwa, mradi dozi isirukwe kimyakimya.

Kukanda nako kuna mahali pake, ila si kila mguu hukandwa. Mama aliyejifungua juzi, yumo kwenye arobaini, anakandwa kwa maji ya moto kama mila ilivyo. Mguu mmoja ukivimba ghafla, shavu la mguu likauma na kupata joto, acheni kukanda hapo hapo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge likichomoka linaweza kwenda mpaka kwenye mapafu. Sisi hupima unene wa mashavu ya miguu yote miwili kwa futi ya fundi cherehani. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 hutufanya tumwite daktari haraka. Maumivu ya kifua au pumzi kukatika ghafla ni dharura hiyo hiyo.

Chumvi sitaisema sana. "Mimi siongezi mezani," huku mchuzi ni wa papa mkavu na pembeni kuna achari. Chumvi imo humo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na papa kuloweka hupunguza lakini hakumalizi.

Mwisho ni mizani, ambayo wengi huidhani ya wanaotaka kupungua unene. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo mizani huyaona maji kabla mguu haujaonyesha kishimo. Pima kila asubuhi ukishakojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zile zile. Ikipanda kilo 2 ndani ya siku 3, njoo, hata kama unajisikia mzima. Andika kwenye daftari la shule la mjukuu, tarehe na kilo tu. Ukifika kliniki, hilo ndilo tutakalolifungua kwanza.