Usiizibe valvu ya EGR kabla hujaipima

Wenye magari ya zamani hapa Arusha wengi huniletea gari na hukumu tayari: "Fundi, ziba hiyo EGR, inakula mafuta." Siizibi kabla sijaipima. Kazi yake ni kurudisha moshi kidogo wa ekzosi kwenye silinda ili joto lisipande mno, kwa kuwa joto kali ndilo linalozalisha oksaidi za naitrojeni, hewa chafu tunayoivuta wote barabarani. Ukiiziba, injini nyingine huanza kugonga zikipanda mlima na mzigo.

Nazungumzia zile za vakyumu, yaani zinazofunguliwa kwa mvuto wa hewa wa injini, za magari ya petroli ya miaka ya 1980 na 1990. Injini ikishapata moto, iache sailensi, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta. Chomoa mpira mwembamba juu ya valvu, uzibe, kisha chomeka pampu ya mkono ya vakyumu mahali pake. Vuta hadi inchi 10 au 15 za zebaki, kipimo cha nguvu ya vakyumu. Injini inatakiwa itetemeke au izimike kabisa, na mshale wa geji utulie. Mshale ukirudi chini, kiwambo, ule utando unaovutwa na vakyumu kufungua valvu, kimetoboka. Ukitulia lakini injini inanguruma vilevile, ama valvu imekwama ama njia imeziba kwa masizi. Ila zipo valvu, hasa za magari ya Kimarekani, zinazosubiri msukumo wa moshi wa ekzosi. Hizo hazishiki vakyumu kwenye sailensi hata zikiwa nzima.

Huna pampu? Vaa glovu nene, pitisha vidole chini ya kofia ya valvu, sukuma kiwambo juu. Injini ikiyumba, njia iko wazi.

Halafu kuna suala la mwinuko, na hili linaniuma. Vitabu vinasema injini nzima huvuta vakyumu ya inchi 17 hadi 21 kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa, ikiwa sailensi. Hizo ni za usawa wa bahari. Arusha tuko kama mita 1,400, na kila mita 300 hupunguza takriban inchi 1. Kwa hiyo 14 kwa hapa ni ya kawaida, lakini kuna watu wameshatozwa ringi za pistoni kwa namba hiyo tu, eti injini imechoka.

Kama ni masizi, fungua valvu uikwangue kwa brashi ya waya, bila kumwagia dawa ya kusafishia kabureta kwenye kiwambo, maana inakiharibu. Kwangua na tundu la upande wa manifoldi, ambako masizi hukauka yakawa magumu kama lami; wengi hulisahau. Vipande vilivyobanduka vitoe vyote visije vikavutwa ndani. Funga na gasketi mpya, urudie kipimo.